Re: Re: Mtoto kagomewa shule kwa ajili ya lizi (mkataba wa kupanga nyumba)

Mama Nuru aliandika:
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Wilaya yetu ya shule huku Ohio ni ya kijijini: jengo moja, chekechea mpaka la kumi na mbili, ofisi ya wilaya ni chumba nyuma ya maktaba. Jumatatu nimempeleka mwanangu wa darasa la nne. Nilipunguziwa saa kazini tukahamia kwa kaka, kwa hiyo lizi na bili ya umeme ni vya kaka. Karani kakagua chanjo, I-94 (karatasi ya kuingia nchini), cheti cha kuzaliwa, sawa. Kisha akanisukumia karatasi kwa ncha ya kalamu: afidaviti ya makazi, yaani kiapo cha unapoishi, isainiwe mbele ya notari, yule anayeshuhudia saini. Naomba kujua, anayesaini ni kaka au mwenye nyumba? Mwenye nyumba akijua tumo sita, tumekwisha.

Baba Imani aliandika:
Pole dada. Mimi walinirudisha mara tatu, ya mwisho eti bili ya maji imepitwa na siku mbili. Siku mbili! Achana na karani, mwone supaintendenti, mkuu wa wilaya ya shule. Wilaya ndogo kama hiyo utamkuta mlangoni asubuhi akipokea mabasi.

Mzee Mwinyi aliandika:
Supaintendenti naye ana wakubwa wake. Kaajiriwa na bodi ya shule, watu watano tunaowapigia kura, miaka minne minne. Na hapa Ohio mweka hazina anaajiriwa na bodi hiyo hiyo, hawajibiki kwa supaintendenti. Nenda kikao cha bodi, jiandikishe, utapewa dakika zako useme.

Dada Zuhura aliandika:
Mzee, "tunaowapigia" wewe mwenye uraia. Wenye grini kadi wasije wakasoma hapa wakaenda kituoni. Tangu 2022 katiba ya Ohio imefunga hata kura za mitaa, na kura moja tu inaweza kukuharibia N-400, ombi lako la uraia. Halafu Mama Nuru, nani alikutuma umpe karani I-94? Hukumu ya Plyler ya Mahakama Kuu ya Marekani ni ya 1982! Shule haina haki ya kumkataa mtoto kwa karatasi za uhamiaji. Kila siku tunasema.

Mama Nuru aliandika:
Sikutumwa, ilikuwa kwenye bahasha moja na chanjo.

Mwalimu Kombo aliandika:
Mnazunguka mbuyu. Kuhamia kwa ndugu kwa kukosa kodi kunaingia kwenye sheria ya McKinney-Vento. Mtoto anaanza masomo mara moja, karatasi zinafuata. Kila wilaya lazima iwe na mtu wa kusimamia sheria hiyo. Kwenye vijiwilaya hivi huenda ni mshauri wa wanafunzi kaongezewa kazi, au karani huyo huyo.

Mama Nuru aliandika:
Mwalimu, si ile ya wasio na makazi? Kaka akisikia mtoto kaandikwa hana makazi, na yeye ndiye katupokea, atanielewaje?

Mwalimu Kombo aliandika:
Ni jina la sheria tu, dada. Hakuna atakayelibandika mlangoni.

Baba Imani aliandika:
Ukali wao wa anwani unatokana na levi, kodi ya shule inayopigiwa kura. Wenye nyumba ndio wanailipa, wanahesabu kila kichwa. Kwetu levi imeanguka mara mbili, basi la sekondari limefutwa, binti yangu anatembea kwenye theluji.

Mzee Mwinyi aliandika:
Na Mahakama Kuu ya Ohio ilishasema 1997 kwamba kutegemea mno kodi ya nyumba ni kinyume cha katiba. Miaka mingapi sasa?

Papa Bahati aliandika:
Kwetu Bukavu wazazi ndio tulikuwa tunamlipa mwalimu, mpaka elimu ya bure ya 2019. Hapa angalau unapiga kura. Kule unapiga magoti.

Dada Zuhura aliandika:
Kwetu Tanga kengele ilikuwa rimu ya lori juu ya mwembe. Ikilia, anwani yako inajulikana, ni kwa fulani bin fulani. Nani alidai bili ya umeme? Umeme wenyewe ulikuwa wapi?

Baba Imani aliandika:
Na uji wa saa nne, wenye ndimu! Jamani, Dayton kuna duka lenye unga wa ulezi?

Papa Bahati aliandika:
Wa ulezi sijui. Wa muhogo niko nao gunia.

Mama Nuru aliandika:
Ahsanteni. Niko benki na kaka. Notari anauliza mwenye nyumba yuko wapi. Nimwambie nini?

Baba Imani aliandika:
Papa Bahati, gunia kilo ngapi?