Naomba ushauri: dodoso langu kuhusu antibiotiki linaleta majibu mazuri kupita kiasi

MwanaAfya_Moro (mleta uzi)

Habari za wakati huu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika afya ya jamii. Utafiti wangu unahusu uelewa, mitazamo na matendo kuhusu matumizi ya antibiotiki katika makundi mawili: wagonjwa wanaohudhuria vituo vya afya, na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu (DLDM) katika wilaya moja ya mkoa wa Morogoro. Maswali ya uelewa niliyatohoa kutoka utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 uliofanyika katika nchi 12, ambamo asilimia 64 ya waliohojiwa waliamini kwamba antibiotiki hutibu mafua, na asilimia 76 walidhani kwamba kinachojenga usugu, yaani kuizoea dawa hadi isifanye kazi, ni mwili wa mgonjwa, wakati kwa kweli ni vimelea. Maswali ya mitazamo na ya matendo nimeyatunga mwenyewe.

Tatizo limejitokeza katika majaribio ya awali. Karibu watoa dawa wote walijibu kwamba hawauzi antibiotiki bila cheti cha daktari, na kwamba huwaeleza wateja umuhimu wa kumaliza dozi. Katika duka mojawapo, tukiwa katikati ya mahojiano, aliingia mama mmoja akaomba dawa ya kifua. Mtoa dawa aliniomba radhi, akachukua mkasi, akakata kapsuli nne za amoksisilini kutoka kwenye karatasi yake, akazitia katika bahasha ndogo ambayo hakuiandika kitu, akapokea pesa na kurudi kitini. Swali lililokuwa linafuata lilimtaka aseme ni mara ngapi huhakikisha kwamba mteja anaondoka na dozi kamili. Akajibu, bila kusita, kwamba ni kila mara.

Msimamizi wangu anashauri niendelee na dodoso lilivyo, nifikishe sampuli ya watu 384, kisha nifanye uchambuzi. Sitaki kumpinga bila hoja, lakini sioni faida ya kukusanya mamia ya majibu ambayo mimi mwenyewe siyaamini. Je, nibadilishe maswali, au nibadilishe njia nzima? Naomba mzingatie kwamba muda na fedha nilizonazo ni za mwanafunzi.

---

Takwimu_Kwanza

Ndugu mleta uzi, nianze na hiyo 384, kwa sababu inatembea kutoka tasnifu moja hadi nyingine kama hirizi. Inatokana na kanuni ya Cochran ya kukadiria ukubwa wa sampuli, ukichukua kiwango cha asilimia 50, ukingo wa makosa wa asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95, na inafaa pale unapokadiria kiwango kimoja katika jamii moja kubwa kwa kuchagua watu mmoja mmoja bila upendeleo. Wewe una jamii mbili. Kwa wagonjwa namba hiyo inaweza kuwa mahali pa kuanzia, lakini ukiwachagua kwa kupitia vituo vichache ni lazima uiongeze, kwa kuwa watu wa kituo kimoja hufanana. Kwa watoa dawa hali ni kinyume: tuseme wilaya ina maduka 120, basi ukirekebisha kwa udogo wa jamii hiyo unahitaji 92 tu, na mimi ningeyafuata yote 120 kuliko kuchagua baadhi kwa kura.

Jambo la pili ni alama. Naona wanafunzi wengi wanaandika kwamba aliyepata asilimia 80 na zaidi ana uelewa mzuri, na aliye chini ya 60 ana uelewa duni, kisha wanalitaja jina la Bloom. Bloom alikuwa mtu wa elimu aliyeandika kuhusu wanafunzi darasani. Hakukaa chini akapima ni kiasi gani cha uelewa kinamfanya mama wa Kilosa aache kununua nusu dozi. Toa majibu swali kwa swali. Msomaji wa wizarani atafaidika zaidi akijua kwamba watu hawaelewi kwamba antibiotiki haiui virusi kuliko akiambiwa kwamba uelewa wa jumla ni wa wastani.

---

Mfamasia_wa_Pwani

Naomba kuongeza upande wa kanuni, kwa sababu nadhani ndipo majibu yako yalipoharibikia.

Maduka haya ya DLDM yalianza Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria hayakuruhusiwa kuuza dawa za cheti lakini yalikuwa yakiziuza. Mpango mpya ulitoa mafunzo kwa watoa dawa na kuwapa orodha fupi ya dawa za cheti wanazoruhusiwa kuwa nazo, amoksisilini na kotrimoksazoli zikiwemo. Kwa hiyo kapsuli uliyoiona haikuwa dukani kwa magendo. Kinachotazamwa na mkaguzi ni cheti na dozi. Sasa fikiria umeingia na barua yenye mhuri, ubao wa kuandikia na kitambulisho shingoni, kisha unamuuliza mtu kama huwa anauza bila cheti. Kwake yeye hilo ni swali la mkaguzi, nalo lina jibu moja tu linalolinda leseni ya mwajiri wake. Hata ukilipanga upya neno kwa neno litabaki lilelile.

---

Bi_Kaunta

Mdogo wangu, mimi ni mtoa dawa, na nimewahi kuhojiwa na wanafunzi kama wewe. Kwa kweli sisi tunajua. Ukiniuliza kama nusu dozi ni kosa nitakwambia ni kosa, na utanipa alama zote. Lakini mteja anaponijia na pesa ya kapsuli nne, mtoto yuko mgongoni na kituo cha afya kimeshafungwa, nikimkatalia ataingia duka la pili na kupewa hizo hizo nne bila hata maelezo. Tena mwenye duka akikuta mauzo yameshuka hatauliza habari za usugu.

Kwa hiyo usiniulize ninachofanya kila mara. Niulize kuhusu mteja wa mwisho aliyekuja leo akiwa na pesa pungufu: aliomba nini, nilimpa nini, nilimwambia nini. Hilo nitalijibu, kwa sababu nitakuwa nakueleza habari za mteja, na hapo hapo utanisikia na mimi. Na tafadhali usije na koti jeupe.

---

Mwalimu_wa_Utafiti

Mleta uzi, umekutana na jambo ambalo tafiti za aina hii zimelibeba tangu zilipoanza kutumika kwa wingi katika masuala ya uzazi wa mpango, miaka ya 1950. Zinahesabu vizuri kile ambacho mtu anajua kwamba anatakiwa kukisema. Mahali zinapoyumba ni kwenye matendo, na kwa wataalamu huyumba zaidi kuliko kwa wagonjwa, kwa sababu mtaalamu anajua jibu la mtihani.

Ushahidi wa karibu unao hapa hapa nchini. Leonard na Masatu walikaa na madaktari na matabibu mkoani Arusha, na katika makala yao ya mwaka 2006 walionyesha kwamba ubora wa huduma ulipanda mara tu timu ya watafiti ilipofika chumbani, kisha ukarudi ulipokuwa baada ya wagonjwa kati ya 10 na 15 hivi. Yaani, hata kumtazama mtu kwa macho hakutoshi ukimtazama kwa muda mfupi. Wewe ulibahatika kuona kapsuli nne zikikatwa kwa sababu mtoa dawa alikuwa ameshakuzoea au mteja alikuwa na haraka. Mwingine angemrudisha yule mama mlangoni kwa ajili yako.

Sasa kuhusu njia. Ya kwanza ni mteja wa kujifanya: mtu aliyefundishwa anaingia dukani na maelezo yaliyopangwa, kwa mfano mafua ya siku mbili bila homa, na akitoka anaandika alichoulizwa na alichouziwa. Inatumika sana katika tafiti za maduka ya dawa na ndiyo inayokaribia ukweli wa kaunta. Maadili yake hupatikana kwa kuomba ridhaa ya maduka mapema, ukiwaeleza kwamba wakati wowote katika miezi michache ijayo mteja wa namna hiyo anaweza kupita, bila kutaja siku, na kwamba hakuna jina la duka litakalopelekwa kwa mkaguzi. Ya pili ni rahisi kwa mfuko wako: simama hatua chache kutoka mlangoni na, kwa ridhaa, mwombe mteja anayetoka akuonyeshe alichonunua. Hesabu vidonge. Amoksisilini ya mtu mzima ikiwa ni mara tatu kwa siku kwa siku tano, ni kapsuli 15. Mwenye nne mkononi hahitaji kuulizwa kama amepewa dozi kamili. Angalia pia kama bahasha imeandikwa. Hapo unapima tendo bila mtu yeyote kujitetea.

Lipo na jambo la pengo lenyewe, ambalo wengi huliona kama kasoro ya dodoso wakati ndilo matokeo. Miaka ya 1990 tafiti za malaria, Bagamoyo ikiwemo, zilikuta watu wanaojua vizuri kwamba mbu ndiye anayeleta homa ya malaria, lakini mtoto akipata degedege walimpeleka kwa mganga kwanza, kwa sababu degedege hawakuliweka katika kapu la malaria. Mtafiti aliyeishia kwenye swali la mbu angeandika kwamba uelewa ni mzuri na akafunga kazi. Pengo lako ni la aina nyingine. Kwa maelezo ya Bi_Kaunta limekaa kwenye bei, kwenye ushindani na kwenye saa za kituo, na uelewa haukosekani. Kama hivyo ndivyo, semina nyingine kwa watoa dawa haitabadilisha kitu, na hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea msimamizi wako.

---

Maliza_Kwanza

Natofautiana kidogo na mwalimu, kwa heshima. Mteja wa kujifanya anahitaji mafunzo, malipo na kibali kipya, na wapo wanafunzi waliokaa mwaka mzima wakisubiri kibali. Abadilishe maswali kama Bi_Kaunta alivyosema, sehemu ya tatu aiite matendo yaliyoripotiwa, aeleze udhaifu wake waziwazi kwenye sura ya mbinu, ahitimu. Utafiti mkubwa atafanya akiwa na mshahara.

---

Mwalimu_wa_Utafiti

Nakubali kuhusu mteja wa kujifanya. Sikubali kuhusu kuhesabu vidonge mlangoni, kwani hilo linawezekana kwa msaidizi mmoja na daftari.

---

Nesi_Mombasa

Salamu kutoka Mombasa. Wengi mmezungumzia kaunta, nami nataka kurudi kwa wagonjwa, maana naona wamesahaulika.

Ndugu yangu, unawahoji wagonjwa walioko kwenye foleni ya kituo cha afya. Hao ndio waliochagua kuja. Anayejitibu kwa kununua kapsuli dukani hayuko kwenye foleni hiyo, au yuko siku aliyozidiwa, kwa hiyo sampuli yako inamkosa yule hasa unayemtafuta. Wanaotoka dukani, ambao mwalimu amewataja, wanaweza kuwa ndio kundi lako la wagonjwa, na ukawaacha wale wa kituoni kabisa. Vilevile usimuulize mtu kama ametumia antibiotiki mwaka huu. Kwanza atakuwa amesahau. Pili, wengi wanazijua dawa kwa rangi na umbo. Beba mfuko wa dawa zenyewe zinazouzwa eneo lako, zimwage mezani, mwambie achague alizowahi kutumia, na ni ipi aliitumia katika wiki mbili zilizopita. Njia hii imetumika Uganda, Malawi na Zimbabwe, na watu huzungumza kwa uhuru mkubwa wakiwa wameshika dawa mkononi. Utaona mama anazitenga mwenyewe, hizi za mtoto, hizi za tumbo, hizi za mzee, na huo mpangilio wake ndio mtazamo wake. Utakueleza mengi kuliko kumtaka achague kati ya kukubaliana na kukubaliana kabisa.

---

MwanaAfya_Moro

Nawashukuru sana wote. Nimezungumza na msimamizi kwa simu, nikamweleza habari ya pengo kama Mwalimu alivyoliweka, na amekubali nibadilishe mambo mawili: maswali ya watoa dawa yawe kuhusu mteja wa mwisho, na wateja wanaotoka dukani wachukue nafasi ya wagonjwa wa kituoni, kwa kuhesabu vidonge na kutumia mfuko wa dawa. Mteja wa kujifanya nimemwacha. Watoa dawa nitawafuata wote wilayani kama Takwimu_Kwanza alivyoshauri.

Swali langu la mwisho: kibali cha maadili nilishapata kwa dodoso la zamani. Je, naweza kuendelea nacho kwa kuwa mada haijabadilika?

---

Takwimu_Kwanza

Hapana. Umebadilisha walengwa na njia ya kukusanya taarifa, kwa hiyo peleka maombi ya marekebisho kwenye kamati iliyokupa kibali, ukiambatanisha dodoso jipya, fomu mpya ya ridhaa na maelezo ya namna utakavyozificha taarifa za maduka. Usikusanye hata jibu moja kabla barua haijarudi, kwa sababu majibu ya kabla ya barua hutaruhusiwa kuyatumia.

---

Bi_Kaunta

Ukishapata barua, ukianza kusimama milangoni uwe umemwambia mtoa dawa kwanza, tena usije jioni. Jioni ndiyo tunauza.

---

Mwalimu_wa_Utafiti

Kwa kuuza huko huko, Bi_Kaunta, inabidi aje jioni pia. Ukihesabu vidonge vya asubuhi peke yake, utawapata wenye vyeti waliotoka kituoni na kuwakosa wanaokuja baada ya kituo kufungwa. Mleta uzi, gawa saa zako za kusimama mlangoni katika vipindi viwili, na uandike kipindi kwenye kila fomu.

---

Bi_Kaunta

Basi aje, ila asimame upande wa pili wa barabara.