Kuongoza ndege jeshini: kundi la ndege na kubadilishana zamu

MkaziUmoja: Habari zenu wadau. Kwa anayeijua nadharia ya kiraia na sasa anaingia mafunzo ya jeshi, ni wapi hasa kazi ya mnarani inabadilika? Nauliza nikiwazia kambi ya jeshi la anga kama ya Moi, Eastleigh, Nairobi, iliyo jirani na viwanja vya ndege vya kiraia vya Wilson na JKIA.

StripuNaKalamu: Anza na kundi, yaani ndege zinazoruka pamoja kwa kukaribiana, ndugu. Kundi huhesabiwa ndege moja: kiongozi ndiye anayezungumza, na kwa kawaida transponda yake tu (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) ndiyo inayowashwa. Wenzake hukaa ndani ya kilomita 1 kutoka kwake, na mita 30 juu au chini, na kupishana wao kwa wao ni jukumu lao. Kwa hiyo idadi iandikwe kwenye stripu, kile kikaratasi cha mwongozaji chenye taarifa za ndege, tangu wito wa kwanza. Zikishafika juu ya uwanja zinaachana, moja baada ya nyingine, na asiyeandika "4" ataona ya tatu imetua, aruhusu ndege nyingine iingie njia ya kurukia, kumbe ya nne ndiyo kwanza inageuka. Magurudumu pia yathibitishwe kwa kila ndege. Kiongozi kusema yake yako chini hakumshushii mwenzake.

Futi5330: Kuna na huu mwinuko wetu. JKIA iko futi 5,330, Eastleigh karibu hivyo hivyo. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo rubani anayesoma noti 120 (maili za baharini kwa saa) kwenye kipima kasi kwa kweli anakwenda karibu 132 kama hakuna upepo, na jua la mchana linaongeza. Nafasi kati ya ndege inayotosha Mombasa, kwenye usawa wa bahari, hapa ni finyu.

Sikiliza sana rubani anaporudia kanieneo, shinikizo la hewa unalompa aweke kwenye kipima kimo chake. Hektopaskali 1 ni takriban futi 30. Umempa 1018, akarudia 1028 ukanyamaza, basi yuko futi 300 chini ya anavyodhani, na upande wa Ngong kuna vilima.

StripuNaKalamu: Kweli kabisa. Makosa mengi huponyoka hapo, kwa sababu sikio linasikia lilichotarajia.

MkaziUmoja: Asanteni. Na zamu?

ZamuYaAlfajiri: Anayeingia avae vifaa vya masikioni, asikilize dakika kadhaa bila kugusa redio, huku akisoma stripu. Anayetoka amweleze hali ya hewa, njia ya kurukia inayotumika, kifaa kibovu, kisha kila ndege na ilichoahidiwa. Kinachosahaulika ni makubaliano ya simu na mnara wa jirani, mathalani helikopta iliyozuiliwa isivuke mpaka upande wa pili waseme sawa. Yaandikwe papo hapo. Na anayetoka asikimbilie chai, abaki nyuma ya kiti kidogo.

MkaziUmoja: Redio ya ndege ikizima je?

ZamuYaAlfajiri: Rubani ataweka 7600 kwenye transponda, namba ya redio iliyokufa. Jaribu masafa ya dharura: 121.5, na 243.0 ya kijeshi. Kimya? Chukua taa ya ishara ya mnarani, mwelekezee rubani. Kijani isiyopepesa: tua. Nyekundu isiyopepesa: pisha wengine, endelea kuzunguka. Nyekundu inayopepesa: uwanja si salama, usitue. Taa hiyo ijaribiwe mwanzo wa kila zamu, maana betri yake hufa bila mtu kujua.