Mdogo wangu miguu imelegea ghafla baada ya kuhara, daktari anataka kutoa maji ya mgongo, nisaini?

Kaka_wa_Dumila:
Wakuu habari za usiku, naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi na simu inakaribia kuzima kwaiyo mnivumilie.

Mdogo wangu ana miaka 26, dereva boda, hajawahi kulazwa. Wiki 2 zilizopita aliharisha siku kama 4, akanywa ORS ikaisha akarudi kijiweni. Jumapili akaanza kusema nyayo zinamchonyota kama kakanyaga siafu, Jumatatu anashuka kwenye pikipiki aweke stendi mguu ukakataa, yani anauangalia tu. Jumanne tulimbeba mgongoni. Leo Alhamisi mikono nayo imeanza, kikombe cha uji kimemponyoka mbele yangu. Akili iko vizuri, anaongea, malaria hana, sukari hana.

Daktari kamgonga magoti na kile kinyundo mguu haukuruka hata kidogo, akasema anahisi ni Guillain-Barré, kwamba mishipa ya fahamu inavuliwa ganda lake, anataka kutoa maji ya mgongo alafu tupewe rufaa. Baba mdogo kagoma, anasema kuna jirani yao alichomwa sindano ya mgongo hakuinuka tena, na huyu katupiwa kitu kijiweni, anataka asubuhi tumtoe twende kwa mtaalam kijijini. Mama analia tu, wa kusaini ni mimi. Naombeni ushauri wa wanaoelewa. Hilo ganda ni nini, na likishavuliwa linarudi?

Nesi_wa_Zamu:
Pole sana kaka. Kabla ya yote fanya hiki sasa ivi. Mwambie avute pumzi moja ndefu alafu ahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, bila kuvuta nyingine. Kijana mwenye nguvu anafika 30 na kuendelea. Iandike hiyo namba, rudia kila saa 2 mpaka kukuche. Ikishuka chini ya 20, au akianza kupaliwa na maji, au sauti ikaanza kutokea puani, usisubiri raundi, kamwite daktari wa zamu.

Huu ugonjwa unapanda kutoka chini. Ukifika kwenye misuli ya kifua mgonjwa anachoka kupumua kimya kimya, na karibu mgonjwa 1 kati ya 4 anaishia kwenye mashine ya kupumulia. Moyo na presha navyo vinaweza kuyumba. Ndio maana hilo la kumpakia kwenye gari kwenda kijijini hapa nakukataza kabisa, huko njiani nani atampulizia?

Kuhusu sindano, mwambie baba mdogo kwa heshima kwamba uti wa mgongo wenyewe, ile kamba ya fahamu inayoshuka toka ubongoni, unaishia juu, usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano inaingia chini ya hapo ambapo kuna maji na nyuzi za neva, yani mishipa ya fahamu, zinazoelea. Wengi huumwa kichwa siku chache basi. Huyo jirani pengine alichomwa kwa sababu alikua tayari anapooza, watu wakakumbuka sindano wakasahau ugonjwa. Kwenye maji wanatafuta protini nyingi huku chembe nyeupe zikiwa chache, ndicho walichokiona Guillain, Barré na Strohl mwaka 1916 kwa wanajeshi 2 wa Ufaransa na mpaka leo kinatumika. Wiki ya kwanza majibu yanaweza kuja ya kawaida, msije mkasema daktari kakosea.

Mwalimu_Baiolojia:
Mimi nimepita hapo hapo, 2015, nililala wiki 11, leo nasimama darasani vipindi 4 kwa siku. Ngoja nikueleze hilo ganda maana kulielewa ndio kulinitoa hofu.

Neva ni fungu la nyuzi. Uzi unaotoka kiunoni mpaka kwenye vidole vya mguu wa mdogo wako unakaribia mita 1 na ni wa seli moja tu. Uzi huo umeviringishiwa mafuta, tabaka juu ya tabaka kama unavyoviringisha chapati kabla ya kuisukuma, hayo mafuta ndio mayelini. Wanaoviringisha ni seli za Schwann, kila seli inashika kipande chake kimoja kifupi, kama milimita 1 hivi, na kati ya kipande na kipande wanaacha upenyo mdogo sana, vinaitwa vifundo vya Ranvier. Umeme wa mwili unaruka kutoka upenyo huu mpaka ule, kama basi la moja kwa moja lisilosimama kila kituo. Neva nene yenye ganda inaweza kufikisha taarifa kwa mita 100 kwa sekunde, zile zisizo na ganda zinatambaa mita 1 au 2. Sasa livue ganda kwenye neva iliyozoea kuruka, umeme unavujia njiani. Mguu wa mdogo wako ni mzima, ubongo umetoa amri, amri haijafika.

Na hakuna aliyemtupia kitu. Kuna kijidudu cha kuharisha kinaitwa Campylobacter, kinapatikana sana kwenye kuku asiyeiva vizuri, juu yake kina sukari zinazofanana na zilizoko kwenye neva zetu. Mwili unatengeneza kingamwili za kukipiga, kuhara kunaisha, alafu kingamwili zinakuta neva zinafanana na adui. Ndio maana kuna wiki moja mpaka tatu katikati.

Linarudi? NDIO. Seli za Schwann zinaviringisha upya, ganda jipya linakua jembamba lakini linapitisha. Kazi inakua ngumu uzi wenyewe ukiharibika, huo unaota kama milimita 1 kwa siku, piga hesabu mwenyewe toka kiunoni mpaka kidoleni. Mimi unyayo wa kushoto bado una ganzi. Ila wiki ya 5 mke wangu alikua ananikata kucha, kidole gumba kikajivuta chenyewe, akaachia wembe akaanza kuita manesi wodi nzima.

Mzee_wa_Pwani:
Mpeni predinisoloni haraka, shangazi yangu yuko Uingereza ana MS, nayo ni ya ganda la neva hiyo hiyo, alipigwa steroidi za dripu akainuka.

Nesi_wa_Zamu:
Mzee wangu shikamoo, shangazi yako alipewa sahihi lakini ni ugonjwa mwingine. MS inashambulia ganda la ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na huko wanaoviringisha sio seli za Schwann, ni oligodendrosaiti, seli moja inahudumia nyuzi nyingi na ukarabati wake ni hafifu. Huyu kijana ameshambuliwa huku nje. Kwa Guillain-Barré steroidi zilishajaribiwa, hazisaidii, za vidonge zinaweza hata kuchelewesha. Na vitamini B za kuchoma, mtu atakuja kuzitaja tu, zinamfaa aliyepungukiwa, hapa hazizuii kitu.

Kinachosaidia ni viwili. Kingamwili zilizokusanywa kwenye plasma, yani majimaji ya damu, ya wachangia damu wengi sana, dripu siku 5, au kubadilisha plasma yake kwa mashine. Zinalingana nguvu, ila ya dripu ianze ndani ya wiki 2 toka udhaifu uanze. Bei ni kubwa, sitakudanganya, kwaiyo mkifika tu nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ukaeleze hali yenu, usisubiri bili.

Fizio_Moro:
Mgeuzeni kila saa 2. Nyayo zisilale zikielekea chini, zikingeni na mto mgumu au ubao uliozungushiwa kanga, maana neva zikirudi zikakuta kifundo cha mguu kimekakamaa mtalia mara ya pili. Akisema mgongo na mapaja vinauma aminini, ni maumivu ya kweli, aombewe dawa.

Kaka_wa_Dumila:
Wakuu mrejesho. Saa 4 usiku alihesabu 31, saa 6 akafika 29, saa 8 ikawa 26, saa 10 alfajiri 22. Baba mdogo alikua amekaa pale anahesabu naye kwa kunong'ona, ilipofika 22 akanyamaza akaniangalia, akatoka nje kumpigia simu yule mtaalam kwamba hatuji. Nimesaini. Maji yametolewa saa 12, hajalalamika zaidi ya kusema ile dawa ya kusafishia mgongo ni ya baridi. Gari la wagonjwa linaondoka saa 3. Tukiwa hapa getini kahesabu 19.

Nesi_wa_Zamu:
Waambie hiyo 19 kabla gari halijatoka, waite na daktari aamue kama anasafiri hivi hivi. Apande mtu mwenye oksijeni na mfuko wa kupumulisha. Wewe kaa upande wa kichwa.

Kaka_wa_Dumila:
Daktari wa usingizi ameitwa, anapanda naye. Mama nimemkalisha mbele.