Msitu wa Karura, Nairobi, baada ya mvua: nani ameshuka maporomokoni na mzee, mtoto au kiti cha magurudumu? Tupeane uzoefu

Mama Mapacha
Wadau, Jumapili nampeleka mamangu Karura. Ana miaka 71, goti moja lilishapasuliwa, na ameapa harudi Nyeri kabla hajaona yale maporomoko. Njia ikoje? Naomba aliyepita kwa miguu yake, si aliyeona picha.

Pekupeku
Nilipita juzi. Barabara pana za murram hazina neno, zinakauka upesi. Balaa ni vile vijia vya kivulini. Udongo mwekundu unaganda kwenye soli, kila hatua unarefuka. Ukifika kwenye ngazi za kushukia mtoni una visigino vya tope, na ngazi zenyewe zinateleza kama bamia.

Magurudumu Manne
Mimi natumia kiti. Kutoka lango la Limuru Road nilienda vizuri, rafiki akisukuma penye mlima. Kwenye kokoto vigurudumu vya mbele vilizama, tukageuza kiti, akanivuta kinyumenyume. Jaribuni, inasaidia.

Kisha ngazi. Juu pale unasikia maji yakianguka, huyaoni. Vijana wawili waliokuwa wakipita wakajitolea kunibeba, nikakataa. Si maringo. Ukibebwa kwenye ngazi zenye tope umemkabidhi mtu uti wako wa mgongo, na yeye mwenyewe hajui atakanyaga wapi. Wakaniona sina shukrani. Mmoja hata alinong'ona. Nilikaa robo saa nikisikiliza, halafu tukaenda Ziwa la Lily, ambako angalau niliona maji kwa macho yangu.

Kwa hiyo mtu akikwambia njia "ni rahisi", muulize: rahisi kwa nani? Kibao langoni kikitaja ngazi, mtu angejipanga kabla hajatoka nyumbani.

Kulabu
Kuhusu maji ya kunywa: chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na misitu kama huu tangu Juni 2020. Shosho wangu, yaani bibi yangu, alikunywa yake yote palepale langoni, halafu tukatafuta choo njia nzima. Beba ya chuma.

Mzee wa Banana
Nyinyi mnalilia tope! Mwaka 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo kwa kutaka kupanda miti. Na kabla msitu haujazungushiwa ua wa umeme, nani aliingia peke yake?

Haya, goti. Fimbo mbili, si moja. Apumzike kule mapangoni, asikimbizwe na vijana. Na mpige picha namba za njia panda mnapopita, ili mkichoka mjue mko wapi.

Magurudumu Manne
Mzee, tope tunalilia kwa sababu ndilo lililobaki.

Mama Mapacha
Tumerudi! Ngazi za mwisho alizishuka kwa makalio, leso ikawa nyekundu, watoto wa watu wakacheka naye akacheka zaidi. Kupanda ndiko kulikotutoa jasho: ngazi tatu, pumzi, ngazi tatu, pumzi. Fimbo ya pili ndiyo iliyomwokoa, asante Mzee.

Sasa anataka msitu wa Oloolua, kule kando ya Mto Mbagathi. Nani ameenda hivi karibuni?

Magurudumu Manne
Atakayejibu, aanze na ngazi: ziko ngapi?