Nikisema "baada ya saa nane", mgonjwa anasikia nini?

Muuguzi wa Shamba (Tanga)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijijini mkoa wa Tanga, huu ni mwaka wa 11. Kuna jambo limeninyima usingizi tangu wiki iliyopita. Naomba msaada wa mnaotoa dawa, mnaopewa dawa, na hata wajuzi wa lugha.

Alikuja mama mmoja kijana na mtoto wa miaka miwili na ushei, kilo 12, mwili unachemka. Tukampima kwa kipimo cha haraka, malaria ikaonekana, tukampa dawa mseto. Kwa wasioijua vizuri: mtoto wa kilo hizo humeza kidonge 1 kila mara, mara 6 ndani ya siku 3. Cha kwanza anameza palepale mbele yetu. Cha pili kinafuata zikishapita saa 8. Kisha siku ya pili asubuhi na jioni, siku ya tatu asubuhi na jioni, basi.

Cha kwanza alimeza saa 4 asubuhi, tumekisaga na kukikoroga na maji kwenye kijiko. Nikamwambia mama yake kwa kinywa changu mwenyewe: "Cha pili mpe baada ya saa nane." Akaitikia. Nikamuuliza, "Umeelewa?" Akasema, "Ndiyo dada." Nikaita anayefuata.

Siku ya tatu nikakutana naye gengeni, mtoto mgongoni anachezea kipande cha muwa. Nikafurahi. Nikauliza tu, kama salamu, kile cha pili alimpa saa ngapi.

"Saa nane na dakika kidogo, dada, kama ulivyosema. Nilikaa nimeikodolea saa ya simu nisije nikachelewa."

Nimeganda pale na fungu langu la mchicha mkononi. Huyu mama hakukosea hata chembe. Alilishika neno langu kama lilivyotoka. Mimi nilikuwa nasema muda, yeye akasikia saa ya mchana. Kidonge kilichotakiwa kumezwa saa 12 jioni kikamezwa saa 8 mchana, zimepita saa 4 tu. Mtoto hakupata neno, namshukuru Mungu. Lakini sentensi hiyo nimeisema miaka 11, kwa mamia ya kina mama, na sijui wangapi walikwenda kuikodolea saa nane. Sijui kwa sababu sikuwahi kuuliza kitu kingine zaidi ya "umeelewa?"

Tangu siku hiyo nasikiliza kila ninachosema. Kliniki ya presha huwa tunawaambia wazee "usile chumvi mbichi", tukimaanisha ile ya kunyunyiza mezani. Juzi mzee mmoja akanieleza kwa furaha kwamba sasa chumvi yote inatiwa chunguni mapema, ichemke mpaka iive. Alikuwa ametii. Sisi ndio hatukumwambia kwamba chumvi ya siku nzima, ya chunguni na ya mezani, isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai.

Swali langu: ninyi mnasemaje? Asubuhi moja nina wagonjwa 40 hadi 50 na tuko wawili. Nitajuaje kwamba mtu anatoka mlangoni na kile nilichokusudia, si kile nilichotamka?

---

Mfamasia wa Pwani (Mombasa)

Dada, pole, na ahsante kwa kusema wazi. Mimi nina duka la dawa mtaani Mombasa na sentensi hiyo yako nimeisema pia.

Nikuongezee nyingine, "kutwa mara tatu". Mtu wa pwani akisikia kutwa anasikia mchana, jua kuchomoza hadi kuchwa. Kuna mteja wangu mmoja, mvuvi, alipewa amoksilini ya kila baada ya saa 8, akameza tembe tatu zote kati ya asubuhi na alasiri, kisha usiku kucha hana dawa mwilini. Kutwa si kucha, alinijibu hivyo nilipomuuliza, na ana haki.

Na ile "1x3" tunayoandika kwenye bahasha! Sisi tumeisoma chuoni. Mwenye kuijua hesabu ya shule anaona moja mara tatu ni tatu, anameza tatu kwa pamoja. Niliacha kuiandika. Sasa nachora: jua linachomoza, jua la utosini, mwezi. Chini ya kila picha nachora viduara kwa idadi ya tembe, na kama ni ya kula na chakula nachora sahani. Napoteza nusu dakika. Wateja wengine wasomi huniangalia kama nawadharau, nawaambia ni ya yeyote nyumbani atakayemkumbusha.

Na dawa mseto usisahau kumwambia mama ampe mtoto na maziwa au chochote chenye mafuta kidogo, hata uji wa karanga. Mwili huipokea vizuri zaidi. Hilo nalo hupotea katika haraka zetu.

---

Mwalimu M. (Dodoma)

Ndugu Muuguzi, nafundisha Kiswahili sekondari. Lugha yetu ina njia ya kutofautisha. Saa ya siku ni moja, kwa hiyo tunasema "saa nane ikipita". Muda wa saa nane ni nyingi, tunasema "saa nane zikipita". Ukisema "mpe zikishapita saa nane" umesema sawasawa, pasipo utata. Naona wengi wanakimbilia "masaa", ambalo si sanifu. Tusiharibu lugha kwa sababu ya haraka.

---

Muuguzi wa Shamba (Tanga)

Mwalimu, shikamoo kwanza, na ahsante. Sikujua kama nimebeba jibu ndani ya herufi mbili.

Lakini njoo ukae kwenye benchi langu. Mtoto analia, wa jirani analia zaidi, mvua inapiga bati, na mama huyu nyumbani kwake wanazungumza Kisambaa. Hiyo "zi" itamfikia? Mimi mwenyewe niliyezaliwa na lugha hii nilisema "baada ya saa nane" na sikusikia kasoro. "Masaa manane" nalo nimelijaribu tangu Jumatatu. Naomba radhi, Mwalimu, lakini linasikika tofauti na mgonjwa anajua mara moja kwamba sizungumzii saa ya ukutani.

Hata hivyo nimegundua halitoshi. Nilimwambia mama mmoja "masaa manane". Kidonge cha kwanza kilikuwa saa 9 mchana. Akaanza kuhesabu vidole: kumi, kumi na moja, kumi na mbili, moja... akapotea, akaanza upya, akapotea tena, akacheka kwa aibu. Jibu ni saa 5 usiku. Mimi nililijua jibu na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kwa nini hesabu ile nilikuwa namtwisha yeye, na mtoto ana homa mapajani?

---

Mzee wa Sukari (Unguja)

Asalaam aleykum. Mwanangu muuguzi, mimi si daktari, ni mgonjwa wa sukari, nadunga insulini mwaka wa tisa. Nimesoma yote haya nikasema na mimi nitie langu, maana wagonjwa huwa hatuulizwi.

Ukiniuliza "umeelewa?" nitakujibu ndiyo. Nitakujibu ndiyo hata kama sikusikia hata moja. Nina miaka 67, wewe umevaa nguo nyeupe, nyuma yangu watu wamepanga foleni. Nikisema sikufahamu najiaibisha mie na nakuaibisha wewe. Swali hilo lina jibu moja tu, basi ni bora usiliulize.

Nakupa kisa changu. Mara ya kwanza napewa insulini, spitali waliniambia niiweke pahala pa baridi. Nyumbani hatuna friji. Jirani yangu ana friza, anauza malai na barafu. Nikampelekea chupa zangu, akaniwekea chini kabisa, pale panapoganda vizuri. Nilijiona nimefanya la maana. Wiki mbili nadunga na sukari iko juu ya 20 kila nikipima, nikaongezewa kipimo, wapi. Mpaka siku moja nesi akaniuliza, "Baba, dawa unaiweka wapi, nielezee njia yote tangu unatoka hapa." Nikamwelezea. Akaniambia insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka hairudi.

Angalia alivyouliza. Hakuniuliza kama nimefahamu. Aliniambia nimtembeze mpaka kwangu. Akanifunza chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji, mfuniko wa kitambaa kibichi, kivulini. Nakitumia mpaka leo.

---

Mama Wawili (Kigamboni)

Na mimi niulize, mnajua nani anampa mtoto dawa? Mimi niko kazini saa 11 alfajiri mpaka usiku. Anayempa dawa ni mama mkwe wangu. Mnanielekeza mimi, mimi namwelekeza dada wa kazi kwa simu, dada anamwambia bibi. Likifika kwa bibi ni hadithi nyingine kabisa.

Mara ya mwisho nilimwomba nesi arekodi sauti kwenye WhatsApp yangu. Akasita kidogo, halafu akasema taratibu: jina la mtoto, dawa gani, saa ngapi, na nini nikikiona nirudi haraka (akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege, akilegea). Sekunde 40. Bibi aliisikiliza mara tatu na akamwambia shoga yake, "Huyu nesi ana adabu, anazungumza na mimi."

---

Muuguzi wa Shamba (Tanga)

Baba yangu wa Unguja, wa aleykum salaam, na shikamoo. Maneno yako nimeyaandika kwenye kipande cha boksi na kukibandika juu ya meza yangu: NITEMBEZE MPAKA KWAKO. Mwenzangu aliuliza ni nini, nikamweleza, kesho yake nikamkuta analitumia kwa mama wa kifafa.

Leo nilifanya hivi, niwaambie ilivyokwenda na isivyokwenda.

Mama wa kwanza, mtoto kilo 9, kidonge cha kwanza saa 3 asubuhi. Sikutaja baada ya chochote. Nilihesabu mwenyewe nikamwambia, "Cha pili ni leo saa 11 jioni. Saa hiyo nyumbani kwenu kunakuwa na nini?" Akasema ndipo mbuzi wanarudishwa. "Basi mbuzi wakirudi, kidonge." Halafu nikamwambia, "Mimi huwa naongea haraka na wiki iliyopita nilimchanganya mwenzio. Hebu niambie utakavyomweleza baba yake, nijue kama nimesema sawasawa." Akaeleza yote, mpaka ya siku ya tatu jioni. Aliposema "mpaka homa iishe" nikamdaka hapo. Homa huwahi kuisha kabla ya vidonge, na wengi ndipo wanapoacha na kumwekea mdogo wake vilivyobaki. Nikamwekea punje 5 za mahindi mezani badala ya vidonge vilivyobaki, akazipanga mwenyewe: moja ya leo, mbili za kesho, mbili za keshokutwa. Nilitazama saa: dakika mbili na nusu.

Wa pili alikuja saa 10 jioni. Saa 8 zake zinaangukia saa 6 usiku. Hapo hakuna mbuzi wala adhana. Tukatega kengele kwenye simu yake, nikaona simu inasoma 00:00, yeye hakujua hiyo ndiyo saa sita. Tukaijaribu ilie, akaisikia, akasema hiyo sauti itaamsha nyumba nzima, vizuri.

Kwa wa tatu nilishindwa. Ni baba, alikuja na mtoto wa kaka yake, ana haraka ya kuwahi gari. Nilipomwambia anieleze akaona namjaribu. "Nesi, mimi si mtoto wa shule." Ameondoka na pakiti na bahasha niliyochora jua na mwezi kama Mfamasia alivyosema, lakini sikusikia lolote kutoka kinywani mwake. Namba ya mama wa mtoto ninayo kwenye daftari. Nimempigia saa 12, haipatikani. Nitapiga tena kesho alfajiri kabla ya kidonge cha tatu.

Mwalimu, bado nakuhitaji. Nataka kuandika upya maelezo ya kwenye bahasha zetu, mistari minne tu, mtu wa darasa la nne ayasome bila kukwama. Nikiyaleta hapa utanisahihishia? Na Baba wa Unguja ayasome kabla hayajabandikwa, akinikuta nimeandika "pahala pa baridi" anikemee.

---

Mwalimu M. (Dodoma)

Marahaba. Yalete. Na ukiandika "masaa" mbele ya mama mwenye mtoto wa homa, mimi sitaweka kalamu nyekundu.