MREJESHO: Kisu cha porini cha kufuliwa kwa mkono, kinastahili bei yake?

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama kisu cha porini cha bei kali kutoka ng'ambo kinastahili, au mhunzi wa hapa Kampala anatosha.

Nilifuata ushauri wa waliosema bei iwekwe kando, kiangaliwe chuma na namna kilivyotiwa moto. Mhunzi wa Katwe kafua kipande cha springi ya lori, unene milimita 4, chuma kikienda mpaka mwisho wa mpini. Kakipasha hadi sumaku ikaacha kunata, akakizamisha kwenye mafuta ya vuguvugu (maji yangeweza kukipasua), kisha kikaingia oveni nyuzi joto 200 za Selsiasi kwa saa 2, mara mbili, ili kisiwe chepesi kuvunjika. Hiyo oveni ndiyo mafundi wengi huiruka, halafu makali yanabanduka vipande kwenye fundo la kwanza la mti.

Matokeo: makali yaliyonolewa kwa pembe ya nyuzi 20 kila upande yanapasua kuni na kuchonga vigingi vya hema bila kujikunja. Kilichofeli ni mpini. Mbao yake ya mvule ilikuwa mbichi, ikasinyaa, ribiti zikalegea. Umewekwa mpini mwingine wa mbao kavu na gundi ya epoksi. Kutu nayo inakiwahi, hasa kikilala kwenye ala ya ngozi yenye unyevu, kwa hiyo kinapakwa mafuta.

Cha ghali nimekiacha. Ziada ile kubwa ni ya umaliziaji na jina la fundi. Asiye na mhunzi wa kumwamini achukue kisu cha Mora, cha kiwandani kutoka Sweden, bei yake ni nafuu na kinakata vizuri.