Arizona polisi anaweza kukuuliza makaratasi barabarani?

mwana_kigoma: Wakuu habari zenu, nahamia Phoenix mwezi ujao kikazi natokea Ohio, nina grinikadi. Sasa jamaa ananitisha eti kule polisi wa kawaida akikusimamisha tu anakuuliza uraia wako, kuna sheria yao. Mimi mweusi na Kiingereza changu nikifungua mdomo tu wanajua sijazaliwa hapa. Hii kitu bado ipo au ni stori za vijiweni?

Mama Neema: Ipo kaka. Inaitwa SB 1070, gavana Jan Brewer aliisaini Aprili 2010. Mahakama ya Juu 2012 ikafuta vipengele vitatu, kimojawapo kile cha kufanya kutembea bila makaratasi kuwa kosa la jimbo, ila cha polisi kuuliza kikabaki. Lakini lazima awe amekusimamisha kwa jambo jingine kwanza, spidi au taa imekufa, halafu awe na sababu ya kushuku. Ukimpa leseni ya Arizona sheria yenyewe inakuhesabu uko kihalali, kwa hiyo ukifika hata kochi hujanunua nenda kachukue leseni.

chuma_chakavu: Sababu ya kushuku ndo hiyo sura yako bana 😂 Phoenix iko kaunti ya Maricopa, sherifu alikuwa Joe Arpaio, jaji akaamua 2013 kwamba watu wake wanawalenga Walatino kwa asili yao. Mzee akaendelea tu, Julai 2017 akatiwa hatiani kwa kudharau amri ya mahakama, Agosti Trump kamsamehe.

fundi_saa: Na Alabama 2011 walitunga yao kali zaidi, ikamnasa meneja wa Mercedes, Mjerumani, pale Tuscaloosa. Gari la kukodi halina namba, mfukoni ana kitambulisho cha kwao tu. Mwenzake akaleta pasipoti, kesi ikafutwa. Angekuwa Mkongo nani angemkimbizia pasipoti?

mwana_kigoma: Duh. Asanteni. Sasa grinikadi nitembee nayo yenyewe au kopi inatosha? Naogopa kuipoteza

Mama Neema: Yenyewe kaka, sheria ya serikali kuu inataka kila mwenye miaka 18 kwenda juu awe nayo, kopi weka nyumbani. Akitaka kupekua gari mwambie kwa upole hukubali. Na akianza ya umezaliwa wapi umeingiaje una haki ya kunyamaza, ila usimdanganye, hiyo inakuwa kesi nyingine kabisa